Mfuko wa Kushoto

Kobe aliinamia kulia kama mzee aliyepitiwa na usingizi kwenye benchi, na kila aliyeingia uani alikuwa na lake la kusema. Mmoja alisema amechoka kusimama. Mwingine akasema gari nalo hujua mwenyewe anapoondoka. Bi Taratibu aliwasikia wote, akawaitikia wote, akaendelea kufagia.

Kobe ni gari, msije mkadhani ni mnyama. Lilikuwa gari kubwa lililobeba nyumba mgongoni, na jina likatoka hapo. Ndani mlikuwa na kitanda kipana kilichofungwa sakafuni kwa boliti, jiko dogo la gesi, sinki, makabati, na dirisha lenye pazia la buluu. Mumewe, dereva wa malori tangu ujana, alilinunua likiwa gofu, akalifufua kwa miaka minne. Alisema akistaafu watazunguka nalo, yeye na mkewe, wakilala pale wanapochokea. Alistaafu mwezi wa tatu. Mwezi wa tano alilazwa. Mwezi wa sita walimzika.

Tangu siku hiyo, na sasa ulikuwa unakaribia mwaka, Bi Taratibu hakuwa amelia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja, naye hakuyafuata. Aliamka, akasali, akachemsha chai, akafagia, akafua. Alijua chai ni ya moto kwa sababu aliona mvuke. Watu walimsifu kwamba Mungu amempa subira. Yeye hakuwa na hakika kama ile ni subira au ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya.

Jina la Taratibu alipewa na mama mkwe wake mwaka ule alioolewa. "Huyu mkimtuma chumvi," bibi yule aliwaambia wanawe, "mboga itapoa. Lakini chumvi itafika." Likamganda, hata mumewe akawa anamwita hivyo.

Sasa mama mkwe mwenyewe alikuwa kitandani. Wiki saba nyuma aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akawekewa chuma. Mdomo haukuvunjika. Kutwa nzima aliiendesha nyumba kutoka chumba cha mbele, dirisha lake likitazama uani, na hakuna kuku aliyepita pale bila yeye kujua anakwenda wapi.

Jumanne likaja neno. Mtoto wa mdogo wake alipiga simu: mama amezidiwa, hali tena ila uji, na kila akifumbua macho anauliza, "Dada kafika?" Katika tumbo lile walibaki wao wawili tu, wengine wote walikuwa wametangulia. Miaka tisa walikuwa hawajaonana.

"Nipelekeni," mama mkwe akasema.

Daktari alisema anaweza kusafiri, ila alale chali njia nzima na asirushwerushwe, kwa sababu mfupa bado haujashika na chuma kinaweza kuhama. Safari yenyewe ilikuwa ya kutwa nzima. Basi halina pa kulala. Gari la wagonjwa halitoki kwa ajili ya mtu kwenda kuonana na mdogo wake. Kikabaki kitanda kimoja tu chenye magurudumu, nacho ndicho kile kilichoinamia kulia uani.

Shemeji yake akaja jioni hiyo hiyo. Alikuwa mdogo wa mumewe, dereva vilevile, na mtaani walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Ndiye aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi kuliwasha gari ili betri isife. Akapanda, akawasha. Kompresa, ile pampu ya upepo, ikaanza kunguruma chini kwa chini. Upande wa kushoto ukajiinua polepole kama mtu anayejikongoja kutoka kitini. Upande wa kulia ukabaki palepale.

"Mama, gari limeamka nusu!" Redio alipaza sauti kuelekea dirishani. "Nusu nyingine bado inaota!"

"Kama wewe shuleni," mama mkwe akajibu. "Mwite fundi."

Fundi Upepo alifika Jumatano asubuhi. Mtu mfupi, mwenye vidole vinene na sauti ndogo, aliyejulikana kwa mabasi makubwa na kila kinachopumua ndani yake. Akatandika kipande cha boksi, akajilaza, akajisukuma chini ya Kobe mpaka vikabaki viatu tu. Bi Taratibu alisimama pembeni na ndoo ya maji ya sabuni aliyoombwa.

"Gari la namna hii, mama," viatu vikamwambia, "nyuma halikalii springi za chuma. Linakalia mifuko miwili ya mpira, mmoja huku, mmoja kule, imejazwa upepo. Upepo ndio unaobeba mzigo wote."

"Kwa hiyo linakalia pumzi."

"Linakalia pumzi, kama sisi. Halafu kuna shokapu. Shokapu yenyewe haibebi. Kazi yake ni kuliambia gari, basi, inatosha, shimo tumeshalipita, acha kudunda. Sasa hii shokapu ya kulia, loo! Imelia mpaka imekauka machozi. Mafuta yote chini."

Akachovya brashi kwenye sabuni, akaupaka mfuko wa kulia huku Redio akikanyaga pedeli ya mafuta ili kompresa isukume upepo. Povu likafura pale chini kwenye mkunjo, mapovu makubwa kama ya mtoto anayechezea maji ya kufulia. Fundi akaubonyeza mpira kwa kidole. Ukabonyea ukabaki umebonyea, laini, wenye kunata, kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

"Basi," akasema, akijitoa chini. "Jibu hilo. Shokapu ilivuja, mafuta yakaumwagikia mpira, mafuta yakaula. Mpira na mafuta ni paka na panya, mama, haviwekwi chumba kimoja. Mwenye gari alizembea."

"Nani kazembea?" Sauti ilitoka dirishani.

"Samahani, mama. Nasema tu shokapu imevuja muda mrefu bila..."

"Mwanangu hakuwa mzembe."

"Sijasema, mama."

"Umesema. Nilichovunjika ni nyonga, si sikio."

Redio akacheka. Fundi akainamisha kichwa akafuta brashi. Bi Taratibu alikuwa amesimama na ndoo yake. Lile neno, kwamba mafuta huula mpira, lilimwingia, likatafuta mahali pa kukaa, likakosa, likabaki limesimama tu mlangoni.

Kwa maana baba yake alikuwa mshona viatu. Katika nyumba waliyolelewa, kitu chochote cheusi kinachokunjwa kilipakwa mafuta: viatu, mikanda, mikoba, hata kifuko cha mkasi. "Kinachokunjwa bila mafuta hupasuka," baba yake aliwafundisha, na Bi Taratibu aliliamini hilo kama anavyoamini kwamba jua hutoka asubuhi. Wiki ya pili baada ya mazishi, akifagia, aliinama akaiona ile mipira chini ya Kobe imepauka kama visigino vya msafiri. Akachukua kitambaa na chupa ya mafuta ya kula, safi, hayajakaangiwa kitu, akalala chali kwenye gunia, akaupaka wa kulia. Akazunguka, akaupaka na wa kushoto.

Na Alhamisi iliyofuata tena. Na nyingine. Kila Alhamisi baada ya sala ya mchana, miezi tisa, mpaka mama mkwe alipoanguka na mikono yake ikapata kazi nyingine. Hakumwambia mtu. Ilikuwa saa moja katika wiki ambayo hakuna aliyempa pole. Hakulia hata pale. Alipaka tu, akifuata mikunjo kwa kidole, kama alivyokuwa akimpaka mumewe nyayo kule hospitali. Mpira ulipoanza kulainika alihisi kitu, si furaha, ila jirani yake. Na Kobe alipoanza kuinama, yeye alizidisha mafuta.

"Na huu wa kushoto?" Redio alikuwa anauliza.

Fundi alishazunguka upande ule. Akamulika tochi, akapaka sabuni pale palipoonekana, akangoja. Hakuna povu. "Huu mzima."

"Kaka aliubadilisha mwaka mmoja kabla hajaumwa."

"Inaonekana. Bado kijana. Kwa desturi nabadilisha yote miwili, ili isioneane wivu, lakini dukani upo mmoja. Wa pili mpaka uagizwe, nao huja na basi siku mbili. Huu hauna hata tone la mafuta, ni vumbi tu. Tubadilishe wa kulia na shokapu zote mbili. Ijumaa namaliza, Jumamosi alfajiri mnaondoka."

Bi Taratibu aliinama akautazama mfuko wa kushoto. Vumbi la kitu kikavu hukaa juu juu, ukipuliza linaruka. Lile lilikuwa limeshikamana na mpira, limekuwa ngozi ya pili. Upande ule ulitazama barabara, na wiki saba za vumbi zilikuwa zimefunika kazi yake yote. Aliliona hilo waziwazi kama anavyoona kidole chake. Akafungua kinywa.

"Maji yanatosha, fundi?" akauliza.

"Yanatosha, mama."

Akaenda zake jikoni.

Alhamisi fundi aliliinua gari kwa jeki, akaweka vigingi vya chuma chini ya chesi, uti wa mgongo wa gari, akafungua tairi. Boliti za shokapu zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazipiga, akazibembeleza, akazitukana kidogo, kisha akakumbuka dirisha lile na kuomba radhi. Redio alishika spana upande wa pili na kumsimulia habari za malori yote aliyowahi kuendesha. Bi Taratibu alipika, akamwogesha mama mkwe, akambadilishia shuka, akamgeuza ubavu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu kama walivyofundishwa.

"Unanigeuza kama chapati," mama mkwe alisema.

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Chapati huwa inasemwa pole?" Kisha, akitazama dari: "Atakuwa ameota mvi zote sasa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusuka nywele. Alikuwa hasuki, anafunga mafundo tu."

Ile siku ilikuwa Alhamisi, na saa ilipofika Bi Taratibu alisali kama kawaida. Alimshukuru Mungu kwa uzima. Akamwombea mumewe. Alipofika pa kumwomba ailinde safari, ulimi ukasimama. Utamwombaje Mungu akushikie kitu ambacho wewe mwenyewe umekiachia kianguke? Akarudia maneno mara ya pili, akasimama palepale. Akainuka akaenda kuanua nguo.

Si kwamba alikuwa anapanga kuficha. Neno lilikuwepo, kama chombo kilichopo rafuni, na mkono haukuinuka kukichukua. Alijitazama hivyo, akifua, akikamua, akianika, kama anavyomtazama jirani kwa juu ya ukuta. Anajua. Mbona hasemi? Labda zile Alhamisi zilikuwa kitu pekee alichomfanyia marehemu baada ya kufa, na kusema ni kukubali kwamba alichomfanyia ni kuliozesha gari lake. Labda hivyo. Labda ilikuwa ganzi tu.

Ijumaa mchana kazi ikaisha. Fundi alitoa vigingi, akashusha jeki, Redio akawasha. Kobe akainuka pande zote mbili kwa pamoja, sawasawa, bila kujikongoja. Majirani wawili waliokuwa wakichungulia wakapiga makofi.

"Bado," mama mkwe akaamuru dirishani. "Wekeni sufuria ya maji kitandani, ijae. Mlizungushe gari. Maji yakimwagika, mimi siendi, na fundi haondoki."

Wakaiweka. Bi Taratibu akapanda, akaketi sakafuni kando ya kitanda kuilinda. Redio akalitoa gari mpaka barabara ya vumbi yenye mashimo, akalipitisha penye mfereji, akalipandisha kwenye matuta ya shule. Lile gari lililokuwa likiruka kama punda aliyechomwa mwiba sasa lilizama kidogo, likainuka kidogo, likatulia. Maji yalicheza mpaka ukingoni, yakarudi. Yeye aliyatazama maji, lakini sikio lake lilikuwa chini ya sakafu upande wa kushoto. Hakusikia kitu. Kuoza hakupigi kelele.

Walipokata kona ya kurudi, kijiko kimoja cha maji kilimwagika kwenye shuka.

"Kijiko kimoja nasamehe," mama mkwe akasema alipoambiwa. "Hata mimi umri huu namwaga zaidi ya hapo. Leteni begi langu."

Uani mkawa na shangwe. Redio alimpigia simu binamu yake, mtoto wa yule mgonjwa, kwamba kesho jioni wako mlangoni. Binamu akasema mama leo ameuliza mara mbili, na amekubali vijiko vitatu vya uji alipoambiwa dada anakuja. Mama mkwe akachagua khanga, akaikataa, akachagua nyingine.

Bi Taratibu alimletea fundi birika la maji na sabuni ya kipande. Alimmiminia. Weusi ulitiririka kutoka katika vidole vile vinene, ukaingia mchangani, maji yakaanza kuwa ya kijivu, kisha meupe.

"Marehemu alikuwa mtu safi, mama," fundi alisema kwa sauti ya chini, ili dirisha lisisikie. "Kila boliti ameiwekea alama. Ndiyo maana nikashangaa. Mtu wa namna hii anaachaje shokapu ivuje mpaka iozeshe mpira?"

"Si shokapu," Bi Taratibu akasema.

"Eti, mama?"

Birika lilikuwa bado linamimina. "Mafuta yale. Si ya shokapu peke yake. Nilipaka mimi."

Fundi alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akamtazama usoni akaacha. "Ulipaka nini?"

"Mafuta ya kula. Kila Alhamisi. Miezi tisa."

"Kwa nini lakini?"

"Ili usipasuke."

Redio, aliyekuwa akikunja turubai, alinyamaza. Hiyo peke yake ilikuwa habari ya kutangaza.

"Ulipaka mfuko upi?" fundi akauliza.

"Yote miwili."

Fundi hakukausha mikono. Alichukua tochi, akajilaza mchangani bila boksi. "Redio! Washa! Inua mpaka juu kabisa, usiache!"

Kobe alipanda juu kuliko alivyopandishwa siku zote tatu. Na kadiri alivyopanda, ule mkunjo wa chini wa mfuko wa kushoto, uliokuwa umejikunja ndani kama shingo ya soksi, ukajikunjua na kutoka nje. Pale vumbi lilikuwa halijafika. Mpira ulikuwa unang'aa. Fundi akaupitishia kidole gumba, akakitoa kikiwa cheusi tii kama kilichochovywa wino. Akapaka sabuni. Vikatoka vipovu vidogo, vingi, vimejipanga mstari kufuata mkunjo.

Dirisha likauliza. "Kuna nini huko? Mbona Redio amekatika?"

Fundi alisogea dirishani, mikono ikidondosha maji meusi. Akamweleza mama mkwe yote, bila kuongeza na bila kupunguza. Bi Taratibu alisimama nyuma yake ili aonekane.

"Mfuko huo ungefika?" mama mkwe akauliza.

"Mama, mimi si mtabiri. Ungeweza kufika na kurudi. Ungeweza kupasuka kwenye mteremko wa kwanza, gari likalala ubavu, na wewe kitandani."

"Mwingine unapatikana lini?"

"Nikiagiza sasa hivi, Jumapili asubuhi."

"Shemeji," Redio akaingilia, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "fundi alisema haya Jumatano. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ungesema Jumatano ile ile, leo tungekuwa nao! Kesho tungeondoka vilevile! Siku tatu unatutazama tunakaza boliti, kimya, kama... kama..." Akakosa mfano, yeye ambaye hajawahi kukosa. "Bora basi ungenyamaza moja kwa moja."

"Na mfuko ungepasuka?" fundi akamwuliza taratibu. Redio akaupiga teke mchanga.

Mama mkwe alikuwa anamtazama mkaza mwanawe kupitia nondo za dirisha. "Kwa hiyo mwanangu hakuzembea," akasema hatimaye.

"Hakuzembea, mama."

"Haya." Akavuta pazia.

Jumamosi nzima mama mkwe alisema na kila mtu isipokuwa yeye. "Mwambieni aniletee maji," alimwambia Redio, na Bi Taratibu amesimama pale pale na glasi mkononi. Alimletea. Alimgeuza, moja, mbili, tatu, na bibi hakusema kitu kuhusu chapati. Begi lilikaa mlangoni limefungwa. Simu iliwekwa juu ya mto, na kila ilipolia watu wote ndani ya nyumba walisimama.

Bi Taratibu alisali saa zake zote. Sasa ulimi haukukwama. Alimwomba Mungu amwongezee mdogo wa mama mkwe siku mbili. Aliomba kwa maneno ya wazi, kama anayeagiza kitu dukani, na hakujua kama amesikilizwa, wala moyo haukumwambia lolote.

Jumapili, saa mbili, fundi alirudi kutoka stendi na kifurushi begani. Saa tatu alikuwa ameshafungua mfuko ulioharibika, akautupa kando ya ukuta. Saa nne na robo alikuwa chini, anakaza bomba la upepo la mfuko mpya, simu ikalia.

Redio ndiye aliyeipokea. Alisikiliza. Akasema, "Ndiyo." Akasema tena, "Ndiyo, tumesikia." Akaishusha, akaishika kwa mikono miwili.

"Sema," mama mkwe akamwambia.

"Amekwenda, mama. Sasa hivi tu. Watazika kesho mchana. Wanakungoja."

Bibi alifumba macho. Midomo yake ilitembea, akimwombea mdogo wake. Alipomaliza, naye vilevile hakulia; akaita kwa sauti yake ya siku zote, "Fundi!"

Spana ilikuwa imenyamaza chini ya gari. "Naam, mama."

"Mbona umeacha? Maliza kazi."

Saa sita walimbeba kwa shuka, watu wanne, wakampitisha mlango wa nyuma wa Kobe na kumlaza. Fundi alizunguka mara ya mwisho na sabuni yake, kushoto na kulia, akangoja muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Hakuna povu. Akaigonga bodi kwa kiganja. Redio akatoa gari.

Bi Taratibu aliketi sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukiegemea kabati. Pazia la buluu lilipunga. Maduka yakapita, vituo vya mafuta, uwanja wenye magoli bila nyavu, mashamba, mashamba. Gari lilikwenda kwa upole, na ule upole ulikuwa mgumu kuuvumilia. Alitoa chai kwenye chupa, akampa mama mkwe kwa kijiko. Bibi alikunywa vitatu, akageuza uso.

Ilipata saa tisa aliposema. Alisema akitazama dari.

"Ungesema Jumatano, ningemkuta?"

"Mungu ndiye ajuaye, mama."

"Mungu nitamwuliza nikifika kwake. Sasa nakuuliza wewe."

Bi Taratibu alihesabu, ingawa alishahesabu. Jumatano kuagiza. Ijumaa mfuko kufika. Jumamosi alfajiri kuondoka, Jumamosi jioni mlangoni. Usiku mzima na asubuhi, mpaka saa nne.

"Ungemkuta," akasema.

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeletewa kitu alichokwisha kukiona kwa mbali. Hakumlaani. Hakumsamehe kwa maneno. Gari lilikwenda. Mkono wa bibi ulikuwa juu ya shuka, mishipa imesimama, na pete ya zamani imekuwa kubwa kwa kidole.

"Matuta mbele!" Redio akaita kutoka kwenye usukani. "Mama, matuta, mengi!"

"Nishike mguu," mama mkwe akasema.

Hakusema mwambieni. Bi Taratibu alipiga magoti, akapitisha mkono mmoja chini ya goti la bibi na mwingine chini ya kisigino, kama walivyofundishwa, na kuuinua mguu wenye chuma kidogo tu kutoka kwenye godoro. Ulikuwa mwepesi, na ulikuwa wa moto. Aliuhisi ule moto kabla hajauwaza. Kobe akapanda tuta la kwanza, akashuka kama mtu anayeteremshwa kisimani kwa kamba nzuri. La pili. La tatu.

"Yamekwisha?"

"Bado, mama."

La nne, la tano. Kisha barabara ikanyooka, Redio akaongeza mwendo, na magurudumu yakaanza tena kuimba sauti yao moja.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

Alingoja aambiwe aachie. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, naye akaendelea kuushika.